Sisaini Nisichokiona

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Daktari,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujachana bahasha, kwa hiyo naitikia mapema tusipotezeane muda.

Huku tupo. Goti la baba yako limetulia, ila mdomo wake ndio haujatulia. Tangu ulipopata leseni, kila anayefika kwenye kibanda chake cha baiskeli anaulizwa kama anaumwa mahali popote, ili naye apate nafasi ya kusema, "Binti yangu ni daktari." Juzi alimwuliza mtu aliyekuja kujaza upepo tu. Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anakusalimu sana. Wale pacha wamefika umri wa shule na bado wanakimbia, kila mmoja upande wake, na yeye katikati na kapu lake la nyanya hajui amfuate nani.

Mimi sijambo. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani. Simu usinipigie, nasikia mvumo tu. Masikio yangu yaliliwa na cherehani miaka thelathini na moja. Andika.

Baba yako kaniambia umeanza kazi kwenye zahanati ya mtu binafsi. Niliposikia nilisimamisha cherehani, nikatoka mlangoni na mkasi mkononi, nikautangazia mtaa mzima. Sasa nieleze vizuri. Chumba chako kina dirisha? Mlangoni wameandika jina lako? Una kiti kinachozunguka? Watu wananiuliza, na mimi sipendi kujibu kwa kubahatisha.

Halafu kuna jambo dogo. Mama Pacha ana shida ya macho. Anaona ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na taa anaiona imevaa duara. Uzi kwenye sindano anauingiza kwa kupapasa. Mwandikie jina la dawa ya matone, utie sahihi na muhuri, nitaenda kumchukulia mwenyewe duka la dawa. Nimeshamwambia kwamba kwako hilo si kitu.

Nakushonea koti jeupe jipya. Lile la uanafunzi limechoka, na daktari wangu hawezi kukaa kwenye kiti kinachozunguka na koti lililopauka kola.

Shangazi yako, Fundi


Tarehe 19 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo tena, hata kama umeshaitikia. Nimecheka mpaka kinyozi wa chini akagonga dari. Nakaa ghorofa ya pili juu ya kinyozi, na mashine zake ndizo zinazoniamsha asubuhi. Dirisha langu linatazama ukuta wa jengo la pili. Nimezoea. Nimejifunza kujua saa kwa namna jua linavyoshuka kwenye ule ukuta.

Msalimie Baba, umwambie watu wa upepo awajazie upepo awaache waende zao. Mama Pacha na wanawe nao salamu zao.

Kuhusu kazi, pale zahanati sipo tena. Tuliachana siku ya tisa, kwa heshima. Naomba usiniulize zaidi, na usiutangazie mtaa, uwe na mkasi au usiwe nao. Natafuta kwingine. Wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mwanao ni kibaya kwelikweli, maana ndani ya wiki hii nimejitembeza hospitali saba na bahasha kwapani. Kila asubuhi napiga pasi koti langu, nakaa kwenye mabenchi ya ofisi za utumishi, na makarani wanaanza kunijua kwa sura. Mmoja ananiita "Dokta wa Benchi". Naitika.

Sasa hilo la Mama Pacha, Shangazi, naomba unielewe. Siwezi kuandika dawa ya jicho ambalo sijaliangalia. Ukungu una sababu nyingi, na baadhi ya matone yanaweza kuliharibu jicho kuliko ugonjwa wenyewe. Mpeleke kliniki ya macho, amwone mtu mwenye vifaa. Karatasi yangu haina macho. Mimi sisaini nisichokiona.

Usinikasirikie.

Mwanao


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Barua yako niliipata zamani. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe ilikuwa kukasirika.

Nimekulea tangu mama yako alipoondoka duniani, ukiwa hujajua hata kufunga kamba za viatu. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba mstari mmoja na sahihi, unanipa hotuba. Mstari mmoja! Na kazi nayo umeiacha siku ya tisa. Nguo yenyewe siku tisa haijafuliwa mara mbili. Mchagua jembe si mkulima, mwanangu. Wenzako wanaitafuta hiyo zahanati kwa tochi, wewe unaikimbia, na mimi kila nikienda dukani naulizwa, "Daktari wetu anaendeleaje?" Najibu, "Vizuri sana." Uongo wa kila siku unachosha kuliko kushona.

Basi, hayo nimeyasema yameisha.

Nitumie vipimo vyako vipya. Kitambaa nimeshakinunua, na sitaki kukupima kwa kumbukumbu. Umekaa mbali muda mrefu. Tafuta mwanamke akupime, usijipime mwenyewe. Simama wima, usivute pumzi ili uonekane mwembamba, na futi isikazwe wala isilegee. Mabega, kifua, kiuno, mkono mpaka kifundo, urefu mpaka chini ya goti. Namba kamili. Usinizungushie.

Mama Pacha hajaenda kokote. Anasema ni uchovu tu.

Fundi


Tarehe 2 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne, na mara zote nne ulikuwa umenikasirikia, kwa hiyo nadhani sasa inatosha.

Baba akiacha kuyatumikisha magoti yake kwenye ile baiskeli ya mizigo, yatadumu. Mwambie ni amri ya daktari, na hili naweza kulisema kwa barua kwa sababu magoti yake nimeyaona kwa macho yangu.

Nimepimwa na mke wa kinyozi. Mabega kumi na tano na nusu. Kifua thelathini na tatu. Kiuno ishirini na saba. Mkono ishirini na tatu. Urefu thelathini na tisa. Sikuvuta pumzi.

Wiki iliyopita niliitwa usaili, wa kwanza tangu nianze kukaa mabenchi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mmoja wao akauliza kwa nini nilikaa zahanati siku tisa tu. Nikasema tulitofautiana kuhusu taratibu. Akataka nifafanue. Nikasema siwezi kumsema mwenye zahanati mahali ambapo hayupo kujitetea, na mambo ya wagonjwa wake si ya kusimulia. Akaandika kitu, wakatazamana, wakanishukuru. Juzi nimeambiwa nafasi imepata mtu mwingine. Makarani wa benchi wamenipa pole. Nimewashukuru, nikanyoosha kola, nikapeleka maombi kwingine mchana uleule.

Shangazi, usinione nimekata tamaa. Nachoka, ndiyo. Kuna siku narudi chumbani naweka bahasha chini na kulitazama koti pale kwenye msumari, najiuliza nampigia nani pasi. Lakini bado najua mimi ni nani. Hilo sijalipoteza kwenye benchi lolote.

Niambie Mama Pacha ameenda kliniki. Na wewe mbona herufi zako zimekuwa kubwa? Kurasa tatu zimebeba maneno ya ukurasa mmoja.

Mwanao, Dokta wa Benchi


Tarehe 24 Aprili

Mwanangu mpendwa Daktari,

Marahaba. Barua hii anaiandika baba yako kwa sababu mkono wangu umechoka. Ni mkono tu. (Mimi baba yako ni karani tu hapa, nimeonywa nisiongeze langu.)

Kwanza, nimefungua daftari langu la vipimo. Vya kwako vya mwaka juzi vipo palepale, ukurasa wenye doa la mafuta ya cherehani. Mabega kumi na tano na nusu, sawasawa. Mkono ishirini na tatu, sawasawa. Mifupa haidanganyi. Lakini kifua umepungua inchi mbili na kiuno inchi tatu. Tatu! Nimepima watu miaka thelathini na moja, najua kiuno cha aliyekonda kwa mapenzi, cha aliyekonda kwa homa, na cha anayekula mara moja kwa siku akawaambia watu ameshiba. Wewe huli. Kila barua unaniandikia makarani na vinyozi, hujaniandikia hata mara moja umekula nini. (Hapa ameninyang'anya kalamu, kisha ameirudisha.)

Unajua mwiko wangu: sikati kitambaa bila kipimo, na kipimo nikishakipata sikipuuzi. Leo nimekipuuza. Koti limo kwenye kifurushi hiki, na nimelishona kwa kiuno cha thelathini. Mimi sishonei njaa. Ukijaze.

Livae kwenye usaili. Usitembee umejikunja kwa sababu umekosa mara moja. Hao waliokukataa hawajui wamekataa nini. Sisi tunajua. Bado sijaelewa kwa nini uliacha ile kazi, na nimekasirika, lakini nimemwambia baba yako aandike kwamba sijakasirika. (Amekasirika.)

Mama Pacha hajambo.

Fundi, kwa mkono wa kaka yake


Tarehe 5 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo Baba, najua unasoma kwa sauti, kwa hiyo soma polepole, wala usiruke kitu.

Koti limefika. Nimelivaa mbele ya kioo cha kinyozi, wateja wake watatu wakiwa na sabuni mashavuni, wakapiga makofi. Mabega yamekaa kana kwamba nilizaliwa nayo. Kiuno kinapwaya, kama ulivyotaka.

Kisha nikaenda nalo dirishani, mahali penye mwanga. Vifungo sita, na vyote sita umevishikiza kwa uzi wa rangi ya siagi. Matundu yake pia. Kitambaa ni cheupe kabisa, uzi ni wa njano. Tundu la nne limepanda juu kidogo, na pindo la nyuma limekwenda upande kwa kama urefu wa kidole kabla ya kurudi kwenye mstari. Shangazi, uliwahi kufumua gauni zima la bi harusi kwa sababu mshono mmoja chini ya kwapa ulikuwa umepinda, pahala ambapo hata bwana harusi asingepaona. Hukosei uzi. Labda usiuone.

Halafu nikarudi kwenye barua yako ya kwanza. Mama Pacha anaingiza uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Mama Pacha anauza nyanya. Tangu nimjue hajawahi kushika sindano. Kifungo cha mtoto wake kikikatika anakuletea wewe.

Jirani ni wewe.

Wewe umenivua nguo kwa futi, mimi nimekuvua kwa uzi. Sasa tuongee kama watu wazima, naanza mimi. Ni kweli, nilikuwa nakula mara moja. Nimeacha, sasa nakula na familia ya kinyozi, na mke wake ana mkono mzito kwenye sahani kama wewe. Na zahanati niliiacha hivi. Siku ya nane, mwenye zahanati aliniwekea mezani fomu arobaini za afya za wafanyakazi wa kiwandani. Zilikuwa zimeshajazwa kwa mashine. Moyo: mzuri. Mapafu: mazuri. Macho: mazuri. Zilibaki sahihi na muhuri wangu. Nikamwambia, "Sawa, waite waingie mmoja mmoja." Akacheka. Akasema hao hawaji, ni watu wazima wenye afya, yeye anawafahamu. Nikasema mimi siwafahamu. Akanipa mpaka kesho nifikirie. Kesho yake nilifika saa moja na nusu, koti limepigwa pasi, nikamwambia nimefikiri, na jibu ni lilelile. Nikamkabidhi ufunguo wa chumba. Kilikuwa na dirisha, Shangazi, na kiti kilikuwa kinazunguka.

Yaliyopaswa kusemwa nimeyaandikia baraza la madaktari, kwa jina langu. Huko ndiko mahali pake, si mtaani wala kwenye usaili. Nawe sikukwambia kwa sababu niliona aibu kuwa daktari wa siku tisa.

Siku ile nilipokataa, unajua nilimkumbuka nani? Mwalimu mkuu aliyekuletea orodha ya watoto sitini, majina na umri tu, akataka sare ziwe tayari. Nilikuwa na miaka saba, nimeshika ncha ya futi. Ulimwambia, "Niletee watoto." Akakwambia mtoto wa miaka minane ni mtoto wa miaka minane. Ukamrudishia orodha yake. Akampa kazi fundi mwingine, na muhula ulipofunguliwa nusu ya shule ilivaa suruali za kaka zao. Halafu leo unaniuliza nilikojifunza ukaidi?

Jicho lako sitalisemea kwa barua, hata nikiwa na wazo. Mganga hajigangi, wala hamgangi shangazi yake kwa posta. Nenda kliniki ya macho wiki hii. Baba, mpeleke. Akisema ana sare za kumalizia, chomoa mkanda wa cherehani uweke mfukoni.

Tarehe kumi na sita nina usaili mwingine, hospitali ya wilaya. Nitavaa koti hili kama lilivyo. Sitabadilisha kifungo hata kimoja.

Mwanao


Tarehe 13 Mei

Mwanangu,

Marahaba. (Mkanda wa cherehani ninao mfukoni. Baba yako.)

Barua yako ilisomwa mara moja, kisha nikamwambia kaka yangu atoke nje. Alipotoka nililia, na sioni haya kukwambia. Nililia kwa ajili ya ule uzi. Nilikuwa nimeuchagua dukani kwa makusudi, mweupe kuliko wote. Niliubandika kwenye kitambaa nikasema, naam, huu.

Nakwambia sasa nililoficha. Nilianza kuona ukungu tangu mwaka jana kabla ya sare za muhula wa tatu. Nikajiambia ni vumbi la nyuzi. Mtu anaponiita Fundi, mwanangu, si jina tu lile. Nikikaa mbele ya daktari naye akasema macho yamekwisha, nitaitwa nani kesho yake? Kwa hiyo nikataka dawa ya chini chini, kwa jina la mtu mwingine, kutoka kwa mtoto niliyemfundisha mwenyewe kukataa mambo ya chini chini. Ungenisikiliza ningekuwa naweka matone nisiyoyajua mpaka leo. Nilikuita mchagua jembe. Nalitoa hilo neno. Mama Pacha naye nimemwomba radhi kwa kumpa ugonjwa wangu. Amesema si neno, mradi nisimpe na pacha wengine.

Fomu arobaini! (Shangazi yako amesimama, amepiga meza. Amesema niandike kwamba amepiga meza.) Nilikuwa nawaambia watu "anaendelea vizuri sana" nikidhani nadanganya. Kumbe nilikuwa nasema kweli.

Jana tumekwenda kliniki. Kijana aliyenipima alinishika kidevu, akaniangalia kwa mashine yake polepole, jicho la kulia, jicho la kushoto, akarudia. Sikumwambia kwamba nina daktari nyumbani, nilitaka kuona kama anafanya vilevile kwa mtu asiye na mtu. Anafanya. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, kulia zaidi. Amesema hutolewa na mtu akaona. Nimepangiwa tarehe tisa Juni.

Naogopa. Lakini nitakwenda.

Tarehe kumi na sita kutwa nitakuwa nakuwaza. Kwenye usaili uingie na mabega yako kumi na tano na nusu.

Fundi


Tarehe 3 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kiuno: ishirini na nane na nusu. Kinapanda.

Baba alinipigia mchana wa operesheni akanieleza kila kitu, hata rangi ya pazia la wodi. Alisema bandeji ilipotolewa kesho yake neno lako la kwanza lilikuwa kumwuliza kwa nini hajakata nywele za puani. Hapo nikajua jicho linafanya kazi. Niliketi kwenye ngazi za kinyozi nikamshukuru Mungu. Yale matone uliyopewa yaweke kwa saa walizokwambia, na cherehani uiache mpaka wakuruhusu wao.

Sasa langu. Sikutaka kukwambia mpaka nisaini mkataba, na mkataba nimeusaini baada ya kuusoma kurasa zote, kama unavyonijua.

Walikuwa watatu mezani: mganga mkuu, matroni, na bwana wa utumishi. Swali la siku tisa likaja, nikatoa jibu lilelile, neno kwa neno. Bwana wa utumishi akainua kichwa. Nikajua hapa tena nimekwenda na maji. Matroni akafunga faili lake, akasema, "Tumeshampigia mwenye zahanati." Akaendelea, "Alikusema vibaya mno. Alisema wewe ni mkaidi, alikuwekea fomu arobaini za kusaini, ukamwambia awaite wenye fomu waingie mmoja mmoja. Alidhani anakuharibia." Mganga mkuu akasema, "Tulipokata simu tuliliweka jina lako juu ya orodha. Leo tulitaka kujua kitu kimoja tu, kama utamsema."

Shangazi, niliinuka nikawashukuru mmoja mmoja.

Wakati wa kutoka, matroni alinisindikiza mlangoni akaniangalia kifuani. Matroni hawakosi kitu. Akauliza, "Hivi vifungo vipi?" Nikamwambia, "Alinishonea shangazi yangu, fundi. Alikuwa haoni vizuri. Anatibiwa." Akanishika bega, akapitisha kidole kwenye mshono mpaka kwapani, kama mnavyofanya ninyi mafundi. Akasema, "Alikuwa haoni, na bega limekaa hivi?"

Juzi nimeanza kazi. Chumba changu hakina dirisha, na kiti hakizunguki. Kina mguu mmoja mfupi. Mlangoni jina langu limeandikwa kwa kalamu juu ya plasta. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyekuja kuomba karatasi tu, akasema hana haja ya kupimwa. Nikamwambia, "Kaa hapa, Mzee, kwanza nikuone." Akakaa.

Nimekuwekea picha. Nilipiga siku hiyohiyo, mlangoni.

Mwanao, Daktari


Tarehe 2 Agosti

Mwanangu Daktari,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Naandika mwenyewe. Angalia herufi zangu zilivyokuwa ndogo, kama mchanga. Baba yako amefutwa ukarani, na amekwenda kwenye kibanda chake amenuna. Goti lake halijambo. Pacha mmoja kang'oka jino, mwingine anadai la kwake ling'olewe pia. Jicho la kushoto litafanyiwa operesheni mwezi wa kumi.

Kuhusu picha. Niliipeleka mlangoni, juani. Nikakuona wewe kwanza, uso umejaa. Nikaona beji. Nikaona ile plasta yenye jina. Halafu nikaona vifungo vyangu.

Mama yangu wee! Vya njano kabisa! Vinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara! Nikachukua kalamu nikaandika barua kali, kwamba ulirudishe koti hilo upesi kwa posta nilifumue, maana mtu asije akasema kazi ile ilitoka mkononi mwangu. Nikaitia kwenye bahasha. Nikailamba bahasha.

Kisha nikaketi. Nikaitazama tena picha, na nikaona umesimama namna gani. Bahasha hiyo nimeichana. Usilirudishe. Uzi mweupe nimekuwekea hapa, kibiringo kizima, kwa ajili ya kifungo kitakachokatika siku moja. Lakini hivi visivyokatika viache.

Picha nimeibandika ukutani juu ya cherehani, pale wanaposimama wateja kupimwa. Jana mwanamke mmoja alileta kitambaa cha sare, akaitazama, akacheka kidogo. Akauliza, "Fundi, huyu si ndiye daktari wenu? Mbona vifungo vyake vina uzi wa rangi nyingine?"

Nikamwambia anyooshe mikono nimpime. Nikamwambia, "Mimi nilishona sioni. Yeye akavaa anaona."

Shangazi yako, Fundi, kwa mkono wake mwenyewe